Onesimo, Ambaye Wote Tulimwita Brashi

Ndugu waombolezaji, wapo kati yenu waliosoma jina kwenye jalada la karatasi hii wakadhani wamekosea msiba. Hamjakosea. Aliyelala hapa mbele ni Brashi, mwandika vibao, yule yule aliyeandika mlango wa zahanati, ubavu wa gari la wagonjwa, na zaidi ya nusu ya misalaba mnayoiona humu makaburini. Jina lake la ubatizo lilikuwa Onesimo. Kama ndiyo kwanza mnalisikia, msione haya. Alilificha makusudi, na kwa wiki mbili za mwisho za maisha yake jina hilo ndilo lililomkosanisha na binti yake kipenzi. Kuna mambo ya jina hilo ambayo hata familia imeyajua jana tu, na midomo bado haijafungika.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Machi 1957, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha tanuri la mikate ambako baba yake alikuwa mwokaji. Wazee wanasema mtoto na mkate wa kwanza walikuwa tayari kwa wakati mmoja, na baba mtu akashindwa ajue akimbilie wapi. Akakimbilia kwa mtoto. Mikate ikaungua yote, na wateja wa asubuhi ile wakaambiwa waile hivyo hivyo, ni ya sherehe. Alibatizwa Jumapili, tarehe 7 Aprili mwaka huo huo. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, kabla hajafika umri wa kuuliza maswali ya maana. Alipoufika, alimuuliza baba yake, "Baba, jina hili alinipa nani?"

"Padre," baba akajibu. "Alifungua kitabu, kidole kikaangukia hapo. Kunywa chai."

Kwa wasiojua, jina lenyewe ni la Kigiriki cha kale, na maana yake ni mwenye kufaa, mwenye kuleta faida. Zamani hizo lilikuwa jina la kawaida la watumwa. Bwana alimpa mtumwa wake jina hilo kama mtu anavyomwita mbwa wake Simba: anatumaini tu. Onesimo wa kwenye Maandiko alimtoroka bwana wake, akafika kwa mtume aliyekuwa kifungoni, na mtume akamrudisha kwa yule bwana na barua mkononi. Ni barua fupi sana, unaimaliza chai haijapoa. Lakini ilimkalia marehemu kooni miaka hamsini na kitu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965. Miaka mitatu ya mwanzo ilikwenda vizuri, maana watoto walijua Onesimo ni jina tu kama majina mengine. Mwaka 1968, akiwa darasa la nne, mwalimu wa dini akaamua siku hiyo wasome ile barua. Akaeleza habari za mtumwa, akaeleza alivyotoroka, na alipofika hapo kengele ya mapumziko ikalia. Darasa zima likatoka mbio na nusu ya hadithi. Nusu ile ilitosha. Tangu siku hiyo akiomba ruhusa ya kwenda chooni walikuwa wanapiga kelele, "Mwalimu, mshike, mtoro huyo!" Na mwalimu, Mungu amsamehe, naye akiita majina asubuhi alikuwa anainua miwani: "Onesimo? Ahaa, leo bado tunaye."

Basi akaapa hatakosa shule hata siku moja, mtu asije akapata la kusema. Na hakukosa. Miaka saba, hakukosa hata siku moja. Alikwenda na mvua, alikwenda na malaria, na mwaka 1970 alikwenda na matumbwitumbwi, mashavu kama amebeba ndimu mbili, akaambukiza darasa lote pamoja na mwalimu. Shule ikafungwa siku tisa. Yeye peke yake alifika kila siku mpaka getini, akahakikisha imefungwa, akarudi nyumbani.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1971. Januari iliyofuata aliingia kwa fundi mmoja wa kuandika vibao, akaanza kwa kuosha brashi kwenye kopo la tapentaini. Fundi alimuuliza jina. Kijana akatazama kopo, akasema, "Brashi." Fundi akacheka, akadhani ni utani, na jina likashika. Mwaka 1979 alifungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja chenye mlango wa mabati na dirisha la upande wa kaskazini, kwa sababu alikuwa akisema mwanga wa kaskazini hausemi uongo. Alijulikana kwa mkia aliouweka kwenye herufi zake, hasa S na R, mkia mrefu uliojikunja kama wa paka aliyeshiba. Mtu akipita barabarani alijua, hiki ni cha Brashi. Hakuwahi kuacha kibao nusu. Ukimpa kazi asubuhi, hata mvua ikinyesha alisimama chini ya turubai mpaka herufi ya mwisho. Aliandika majina ya madaktari, mawakili, wachinjaji nyama na marehemu wa kila aina. Jina lake mwenyewe hakuliandika popote. Kitambulisho alikitoa kidole gumba kimeziba herufi, na ukimuuliza alisema kidole kina rangi, kimeganda.

Mwaka 1981 alikwenda kuandika ukuta wa chumba cha ushonaji wa sare za shule, akamkuta mshonaji mmoja aliyemwambia herufi zake zimelala upande. Akazirudia mara nne. Mara ya nne yule dada akasema, "Hata ile ya kwanza ilikuwa sawa, nilitaka tu uendelee kuwepo." Huyo ndiye mjane tuliyenaye hapa leo.

Walichumbiana miaka miwili, naye hakujua jina lake la ubatizo. Mnajua kanisani ndoa hutangazwa Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi aseme. Jumapili ya kwanza, tarehe 24 Julai 1983, Padre akafungua karatasi akasoma kwamba Onesimo, mwana wa mwokaji mikate, anakusudia kufunga ndoa na binti wa fulani. Mama wa bibi harusi akasimama katikati ya kanisa.

"Padre, ishia hapo hapo! Binti yangu ana mchumba wake, anaitwa Brashi. Huyo Onesimo ametokea wapi?"

"Mama, pingamizi huletwa ofisini."

"Ofisini nitakuja. Kwanza asimame tumwone!"

 Bibi harusi mtarajiwa mwenyewe alikuwa anageuza shingo huku na huku amtafute huyo mwanamume wa pili. Ndipo Brashi akasimama, amejifunika uso kwa viganja.

"Ni mimi, mama."

"Wewe? Sasa ulilificha kwa nini, umeua mtu?"

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 13 Agosti 1983. Mama mkwe hakumsamehe mapema. Kila alipomkasirikia, na alimkasirikia kwa bidii, alimwita Onesimo kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. Mke wake alimuuliza mara moja tu, usiku wa harusi, akamweleza habari za shule, mke akasema, "Mimi nimeolewa na mtu. Jina likae huko lilikokaa." Na likakaa. Barua ile husomwa kanisani mara moja kila miaka mitatu, na kila ilipofika Jumapili yake, marehemu alitoka nje kufunga kamba za viatu. Huyu alikuwa mvaa ndala.

Mungu aliwajalia watoto watatu, wavulana wawili na binti. Wote aliwapa majina mepesi, yasiyo na barua. Binti, kitinda mimba, ndiye aliyekuwa na ufunguo wa moyo wake. Alipohamia kwa mume wake, baba alimpigia simu kila siku saa moja jioni, kumuuliza kama amekula. Tarehe 30 Agosti mwaka huu, 2024, binti huyo alijifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa marehemu. Marehemu aliifunga karakana siku nzima kwa mara ya kwanza tangu 1979, na mlangoni akaandika: NIMEPATA MJUKUU. KAZI KESHO.

Mtoto alipofikisha mwezi, wazazi wake wakaja nyumbani kuzungumza habari za ubatizo. Binti alikuwa ameshaamua.

"Baba, mtoto ataitwa Onesimo. Jina lako."

Marehemu aliweka kikombe chini. "Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Ni heshima yako."

"Heshima! Umpe mtoto jina la mtoro, wamkimbize shuleni kama mwizi wa kuku?"

"Baba, siku hizi watoto wanaitwa majina ya magari na ya wachezaji mpira. Nani atamcheka Onesimo?"

"Jina hilo nimelifunga mimi. Nikizikwa, lizikwe."

"Na mimi bila baraka yako siwezi kumpa jina lingine. Ataitwa Mtoto mpaka utakapokubali."

Binti akaondoka na machozi. Saa moja jioni simu haikulia, wala kesho yake, wala siku kumi na nne zilizofuata. Padre alishawapangia ubatizo Jumapili, tarehe 20 Oktoba, ndiyo kesho. Binti alijaza fomu yote, jina la baba, la mama, la wasimamizi, akaipeleka ofisi ya parokia. Mstari wa jina la mtoto akauacha mtupu. Mama mtu alijaribu kuwapatanisha, mama mkwe naye kwa miaka yake themanini na tisa akajaribu kwa njia yake ya kelele, wapi. Wote wawili walikuwa na shingo moja.

Marehemu alikuwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2016. Alimeza dawa zake vizuri alipokuwa akitazamwa. Mwezi huu mke wake alimwona anashika kifua akipanda ngazi, akamwambia aende akapimwe, akajibu kwamba ni harufu ya tapentaini.

Na tapentaini ndiyo aliyoisingizia tena Jumatano, tarehe 16 Oktoba. Aliaga kwamba anakwenda kuinunua. Hakwenda dukani. Alikwenda ofisi ya parokia, kwa karani, mama ambaye wote tunamjua haamini hata kivuli chake.

Karani ametueleza yote, neno kwa neno. Marehemu alisimama mbele ya meza akasema, "Nimekuja kuzuia jina."

"Jina la nani?"

"Onesimo. Lisiandikwe tena kwenye vitabu vyenu kwa ukoo wetu. Na kama inawezekana, na langu lifutwe."

"Mzee, hiki si kibao. Rejista ya ubatizo haifutwi."

"Basi nionyeshe nilione huyo padre alivyonibandika."

Karani akapanda kiti, akashusha kitabu cha mwaka 1957, akapangusa vumbi, akafungua mwezi wa Aprili. Mstari ulikuwepo: tarehe, jina la baba mwokaji, jina la mama. Mwisho wa ukurasa kuna safu ya maelezo, ambayo kwa kawaida huwa tupu. Kwa mtoto huyu haikuwa tupu. Padre wa wakati ule aliandika kwa wino wa bluu, mwandiko mdogo:

"Jina limechaguliwa na mama. Nimempendekezea majina mengine manne, ameyakataa. Nimemweleza kwamba Onesimo alikuwa mtumwa aliyetoroka. Mama amejibu: Hata mimi."

Marehemu aliyasoma. Akayasoma tena, kidole chini ya kila neno, kama anapima nafasi ya herufi. Kisha akakaa kwenye benchi bila kuangalia kama benchi lipo.

"Mzee, ni presha?" karani akauliza. "Nikuitie mtu?"

"Siyo presha. Ni mama."

Karani akampa maji. Marehemu akauliza, kwa sauti ya mtoto wa darasa la nne, "Yule mtumwa, aliporudishwa, walimfanya nini?"

Karani alishangaa mzee wa miaka sitini na saba, Mkristo tangu utotoni, hajui. Akamweleza mwisho wa barua: kwamba mtume alimwomba yule bwana ampokee, lakini asimpokee tena kama mtumwa, ampokee kama ndugu mpendwa. Akamwambia ampokee kama angempokea mtume mwenyewe.

"Kengele ililia," marehemu akasema. "Hatukufika hapo."

 Halafu akaomba fomu ya mjukuu wake, akaomba na kalamu. Karani akamwambia jina hujazwa na wazazi. Akamtazama karani, na yule mama, ambaye hajawahi kumlegezea mtu kanuni hata Askofu, akampa kalamu. Marehemu aliandika taratibu, akapuliza wino, akarudisha fomu. Alipofika mlangoni akageuka.

"Usimwambie binti yangu. Jumapili nitamwambia mwenyewe."

Alhamisi, tarehe 17 Oktoba, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, marehemu alikuwa juu ya ngazi fupi mbele ya duka la dawa, akiandika kibao kipya. Mwenye duka alimsikia anapiga mluzi. Kisha mluzi ukakatika. Alipotoka nje alimkuta ameketi chini, mgongo ukutani, brashi bado mkononi, kama mtu aliyepumzika kidogo. Duka zima la dawa nyuma yake na hakuna hata moja iliyofaa. Alipofikishwa hospitali alikuwa ameshatutoka. Madaktari walisema ni moyo. Kibao kilikuwa kimefika DUKA LA DA. Mwanawe mkubwa alikwenda jana akamalizia herufi mbili, na akaomba radhi kwa mwenye duka kwamba hazikulingana.

Pale hospitalini muuguzi alitoka akauliza, "Ndugu wa Onesimo ni kina nani?" Benchi lilikuwa na mafundi rangi, majirani, watu kumi na wanne, hakuna aliyetikisika, walikuwa wanamsubiri Brashi. Mke wake alikuwa ameinama hasikii kitu. Aliyesimama kwa mkongojo ni mama mkwe. "Sisi hapa," akasema. "Huyo ni wetu."

Jana Ijumaa asubuhi binti na kaka yake wa pili walikwenda parokiani kupanga misa hii. Binti alikuwa analia kwamba baba ameondoka amemnunia. Karani alivuta droo akampa fomu. Mstari uliokuwa mtupu ulikuwa umejaa. Hakukuwa na haja ya kuuliza mwandiko ni wa nani. Ile S ilikuwa na mkia umejikunja mpaka umegusa mstari wa chini. Binti alikaa kwenye benchi lile lile.

Waliporudi na habari, nyumba nzima ilipigwa na butwaa, isipokuwa mtu mmoja. Shangazi wa marehemu, dada mdogo wa mwokaji, ambaye ana miaka tisini na mbili na ambaye tulidhani amelala, akafungua jicho moja.

"Mlikuwa hamjui?"

"Shangazi, tulijuaje?" mjane akauliza.

"Mama yake alikuwa mtumishi nyumbani kwa watu. Tangu ana miaka minane, hana mshahara, hana jina, anaitwa tu We. Siku moja wakamtuma akaoshe sufuria mtoni. Alipomaliza kuiosha akaendelea kwenda. Akatembea siku mbili na sufuria kichwani mpaka kwenye tanuri la kaka. Kaka akampokea, akamwoa. Katekista alipomsomea ile barua, akasema huyo ni mimi, mwanangu ataitwa hivyo, lakini huyu atakuwa wa kupokelewa, si wa kukimbizwa."

"Sasa kwa nini Babu mwokaji alisema ni padre?" binti akauliza.

"Aliogopa mtoto asije akaona haya kwa mama yake. Mtoto akaona haya kwa jina. Ndivyo tunavyowalinda watoto." Akanywa chai, akakitazama kikombe. "Sufuria ndiyo hiyo mnayoipikia waombolezaji tangu jana."

Waliokuwa wanakunywa chai walisita kidogo. Kisha mama mkwe akasema, "Niongezeeni," na wote wakapeleka vikombe.

Marehemu ameacha mjane, mshonaji wa sare, mama mkwe, ambaye tangu Alhamisi anamwita Onesimo kwa sauti ya chini, shangazi mmoja, wana wawili, wa kwanza fundi umeme, wa pili dereva, binti mmoja, wakwe watatu, mafundi wanne aliowafundisha brashi, na mjukuu mmoja, mwenye wiki saba, ambaye kesho, Jumapili, tarehe 20 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, katika kanisa hili hili, atabatizwa kwa jina ambalo babu yake amemwandikia kwa mkono wake. Mnakaribishwa wote. Padre akiuliza, "Mtoto huyu mmempa jina gani?" binti ameomba mumsaidie kujibu, kwa sauti.

Lala salama, Onesimo. Umepokelewa. Pumzika kwa amani.